Rangi ya Viti vya Gari la Krimu

Watu wa umri wangu wakisimulia miaka ya Hali ya Hatari husimulia mambo makubwa: waliouawa, waliofungwa, mashamba yaliyopewa wengine. Hayo nami ninayo. Lakini jambo ambalo likinijia nikiwa napepeta maharagwe hunifanya niweke ungo chini na kusimama, mimi mwanamke mzee mwenye wajukuu, ni viti vya gari. Nitalieleza kama lilivyotokea, na atakayecheka acheke.

Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya mzungu mwenye shamba la kahawa, upande wa juu wa Ruiru. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupiga pasi na kupeleka chai barazani. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Alikamatwa asubuhi moja kwenye machimbo ya Kalimoni pamoja na wenzake, wakapakiwa kwenye lori, na tangu hapo nilijua kwamba yu hai kwa sababu tu hakuna aliyekuja kuniambia amekufa. Baada ya hapo nyumba zetu za mlimani zilichomwa, na sisi wanawake, watoto na wazee tukapelekwa kwenye kijiji kipya kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Lango lilifunguliwa asubuhi na kufungwa kabla ya giza. Walinzi wake walikuwa homgadi, vijana wetu wenyewe waliopewa bunduki na makoti.

Kila mwanamke wa kijiji alitolewa kwenda kazi ya lazima, kuchimba matuta au kubeba mawe ya barabara, isipokuwa mwenye pasi, karatasi ya ruhusa iliyotiwa sahihi na mzungu anayemfanyia kazi. Mimi nilikuwa nayo. Nilimwachia mama yangu mtoto wangu wa kike, aliyekuwa ameanza tu kutamka maneno, nikaenda na kurudi kila siku kwa miguu.

Sitaki kusema uongo juu ya watu wale. Bwana hakuwa mpigaji. Alikuwa mrefu, shingo nyekundu, mtu wa kupiga miluzi akitembea. Memsabu, mke wake, alikuwa mkubwa kwangu kidogo tu, na alipojua nina mtoto alinipa blanketi laini la manyoya lenye picha za bata. Walikuwa na kabati la dawa, na yeyote wa shambani aliyeumwa alipewa vidonge. Wangekuwa wabaya kama wengine niliowasikia, labda ningewasahau.

Msimu huo kahawa ilipata bei, bwana akaamua kununua gari la starehe. Gari la mizigo walikuwa nalo, na lingine la kwendea Nairobi. Hili lilikuwa la watu wawili tu, fupi, la chini, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ili upepo uwapige usoni. Liliagizwa Uingereza, na kabla ya kuagizwa lilihitaji kuchaguliwa rangi. Wakala wa Nairobi akaleta kisanduku.

Memsabu alikifungua barazani nikiwa namimina chai. Ndani mlikuwa na vipande vya bati vilivyopakwa rangi, vinang'aa kama peremende. Vingine vilikuwa vya ngozi ya viti, vimetobolewa na kutungwa kwenye pete kama funguo. Vingine vilikuwa vya turubai la paa. Mpishi, mtu mzima kutoka upande wa Machakos, alipovichungulia alidhani ni vitu vya mtoto kuchezea.

Kiingereza nilikielewa kuliko walivyodhani. Nilisoma misheni miaka kadhaa kabla baba hajafariki.

"Kijani," bwana alisema. "Gari la namna hii huwa la kijani."

"Kijani!" memsabu akajibu. "Kahawa kijani, nyasi kijani, ua kijani. Nani atatuona?"

"Basi jekundu."

"Tutafanana na barabara."

Alichukua kipande cha rangi ya krimu, akakiinua kwenye jua. Bwana akatikisa kichwa. "Krimu kwenye matope ya Ruiru?"

"Kwani utaliosha wewe?"

Wakacheka wote wawili. Mpishi, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha magari baada ya kuondoa vyombo vya chakula, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya keki.

Nilidhani mambo yataisha siku hiyo. Hayakuisha. Kisanduku kile kilikaa mezani wiki baada ya wiki. Walikula navyo vipande vile, walisoma gazeti navyo. Majirani walipokuja chakula cha Jumapili, kila mmoja aliombwa atoe maoni yake. Wakati huo wazungu waliketi mezani na bastola zao, wakiziweka kando ya sahani kama mtu anavyoweka miwani. Nilikuwa nikipitisha nyama katikati ya bastola na rangi. Mzee mmoja mstaafu alisema ngozi nyekundu kwa gari la krimu ni ya watu wa sinema. Mke wake akasema kijivu kinapoza macho. Walibishana mpaka pudini ikapoa, na memsabu akaniambia niirudishe jikoni ipashwe moto.

Nikiwa natembea kurudi kijijini jioni hiyo nilifikiri juu ya nyumba yetu mpya. Wakati wa kuhamishwa, mama yangu alimwomba homgadi mlango wa nyumba yake uelekee upande uleule wa mlango wa nyumba alimoolewa. Yule kijana alimwita bibi kwa heshima, akamjibu, "Cucu, mlango utaelekea pale kamba ya kupimia ilipopita." Hatukuulizwa lolote. Nyumba zilipangwa mstari kama meno, za udongo na nyasi, zikakaribiana hata kikohozi cha jirani ulikisikia kama chako. Na kule kwenye baraza watu wazima wawili walikuwa wamekosa usingizi kwa sababu ya rangi ya kukalia.

Kisha mtoto akaugua. Alianza kwa kukataa uji, halafu mwili ukawaka moto. Asubuhi nilimwambia memsabu, naye alisikitika kwelikweli. Alifungua kabati akanipa vidonge, akanionyesha namna ya kuvisaga kwenye maji ya sukari.

"Leo wewe kwenda nyumbani mapema," alisema kwa Kiswahili chake. "Saa ya chai kwisha, wewe kwenda."

Nilimshukuru. Nilifunga vidonge kwenye pindo la leso na kufanya kazi nikiwa napiga mbio. Chai ikapita. Nilipokwenda kumuaga nilimkuta kwenye nyasi mbele ya nyumba, ametandaza vipande vyote juu ya shuka.

"A, vizuri! Wewe simama hapa," akasema. "Shika hii. Inua."

Akanipa krimu mkono mmoja na bluu hafifu mkono wa pili. Akarudi nyuma, akakodoa macho, akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Memsabu, mtoto," nikasema.

"Ndiyo, ndiyo. Dakika kidogo."

Alitaka kuona rangi katika mwanga wa jioni, maana gari hilo wangelitumia zaidi kwenda klabu jua likishuka. Kwa hiyo jua ilibidi lishuke. Nilisimama pale mikono juu kama mti wa kuanikia nguo. Alinibadilishia bati moja baada ya jingine, akaweka ngozi juu ya bati, akaondoa, akamwita bwana, bwana akaja na glasi yake, wakabishana, bwana akaondoka. Kivuli cha miti kilifika miguuni mwangu kikanipita. Mara ya pili niliposema "mtoto" alinitazama kama mtu aliyeguswa bega akiwa kanisani.

"Nimesema dakika kidogo!"

Hakuwa amesahau kwa ubaya. Nimelifikiria sana hilo, na ndilo linalonichoma. Mtoto wangu hakushindana na chuki yoyote. Alishindana na rangi ya bluu, akashindwa.

Aliponiachia nilikimbia njia nzima, leso nimeikamata mkononi. Nilipofika, daraja la kuvukia handaki hadi langoni lilikuwa limeshainuliwa. Niliita. Homgadi wa zamu alikuwa ananijua tangu akichunga mbuzi wa baba yake.

"Ninakuomba, mwana wa maitu, ndugu yangu, mtoto ana homa. Dawa hii hapa."

"Ukivuka sasa nitakupiga risasi, na si kwa kutaka," alijibu. "Rudi ulikotoka."

Nilirudi kulala sakafuni, jikoni kwa mpishi. Alfajiri lango lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kuingia. Mtoto nilimkuta kwa jirani, amelowa jasho, ametulia. Yule jirani alikuwa amemkanda kwa maji usiku kucha, na homa ilikuwa imeanza kushuka. Nilimpa dawa hapohapo. Nikauliza alipo mama yangu: "Maitu yuko wapi?"

Jirani akatazama chini. Aliniambia kwamba jana jua lilipokaribia kuzama na mimi sijaonekana, mama yangu alikwenda langoni. Alidhani nimekamatwa njiani. Aliwasihi wasifunge. Walipoanza kufunga alimshika homgadi koti, akasema hataachia mpaka binti yake aingie. Wakamburuta hadi kwenye kituo chao. Asubuhi hiyo, kabla lango halijafunguliwa, walikuwa wamemtoa kwa mlango wa kituo na kundi la adhabu kwenda kubeba mawe, mwanamke wa umri ule, mwenye magoti yaliyokwisha kuota vinundu.

Nilitaka kumfuata. Jirani alinizuia. "Ukikosa kazini leo, pasi yako imekufa. Mtoto utamlisha nini? Nenda. Huyu niachie mimi."

Nikaenda. Sikujua mwili wa mtu unaweza kutembea ukiwa umejaa namna ile. Nilipiga pasi mashati ya bwana na kila shati nililiona lina shingo ya mtu ndani yake. Mpishi aliniuliza kama nimekula, nikachukua shati jingine.

Asubuhi ile memsabu alikuwa na furaha. Alikuwa ameamua: gari litakuwa la krimu, na turubai la paa liwe kahawia iliyoiva. Kilichobaki kilikuwa viti. Nilikuwa napanguza meza ya barazani, mikono ya gauni nimeikunja, naye amekaa na ile pete ya ngozi, anageuza kipande baada ya kipande na kuguna. Ghafla akaacha kuguna.

"Leta mkono yako," alisema.

Sikuelewa. Alinishika mwenyewe kifundo cha mkono, akaulaza mkono wangu juu ya meza, upande wa juu, kama unavyolaza samaki wa kukatwa. Akaweka kipande cha ngozi juu yake. Akakiondoa. Akaweka kingine, kisha kingine, akipanda kuelekea kiwiko. Vidole vyake vilikuwa baridi na vinanukia sabuni ya maua.

"Njoo uone!" alimwita bwana kwa Kiingereza. "Nimeipata! Njoo uone, ni hii hasa!"

Bwana akatoka ndani na gazeti lake. Akainama juu ya mkono wangu. Akatazama ngozi ya ng'ombe, akatazama yangu, akarudi kwenye ya ng'ombe.

"Si mbaya," alisema. "Na rangi hii haionyeshi uchafu."

Wakacheka. Kicheko chao hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kile cha mume na mke waliomaliza ugomvi wa muda mrefu.

Niliuvuta mkono wangu. Niliuvuta kwa nguvu hata pete ikaruka na vipande vikatawanyika sakafuni, kimoja kikaangukia kwenye chai ya bwana.

"Huu ni mkono wangu," nilisema kwa Kiingereza, na ilikuwa mara ya kwanza wao kunisikia nikikisema. Kisha Kiingereza kikaniishia nikahamia Kiswahili. "Mkono wangu haukaliwi. Mkitaka rangi, tafuteni ng'ombe. Mama yangu anabeba mawe leo kwa sababu ya mabati yenu. Jana nilisimama pale kwenye nyasi mpaka lango likafungwa. Mlinishika kama mti. Leo mnanishika kama ngozi. Kesho mtanishika kama nini?"

Memsabu alikuwa ameweka mkono kifuani, macho yamejaa machozi.

"Lakini mimi nilisema nzuri," alisema. "Mimi nilisema rangi yako nzuri sana."

Mungu anisamehe, machozi yale ndiyo yaliyonimaliza. Angenizaba kofi ningeelewa. Alilia kwa sababu nilikataa zawadi yake.

Bwana alitoa kipande cha ngozi kwenye kikombe akakikung'uta. Hakupaza sauti. Alisema nina mpaka saa ya chakula cha mchana kumwomba memsabu msamaha, la sivyo nirudishe aproni.

Mpishi alinifuata nyuma ya nyumba penye kuni. "Mama," alisema, "omba msamaha. Ni maneno tu. Mimi nimeyasema mara ngapi? Yanatoka mdomoni, hayatoki moyoni, unaendelea na kazi yako."

"Kwa kosa gani?"

"Kwani nani alikuuliza kosa? Una mtoto."

"Wewe wamekupima mkono?"

"Mimi wameniita boi, na mjukuu wangu ananyoa ndevu," alisema. "Nenda uombe msamaha."

Nilivua aproni, nikaikunja vizuri kwa sababu mama alinifundisha kukunja nguo hata za adui, nikaiweka juu ya kuni. Bwana alichukua pasi yangu, akaandika kwamba sifanyi kazi kwake tena. Kesho yake niliitwa na wengine langoni, nikapewa jembe.

Nilimkuta mama yangu akiwa na kikapu cha mawe mgongoni, kamba imemkaza paji la uso. Aliponiona nimeshika jembe aliweka kikapu chini.

"Umefanya nini?"

"Nimeacha kazi."

"Umeacha? Kazi inaachwa siku hizi? Mimi mgongo wangu unavunjika kwa ajili yako, nawe unaacha kazi?" Alinipiga begani kwa kiganja, mbele ya watu wote. "Kiburi kitanyonyesha mtoto?"

Nami nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba sikumtuma kumshika homgadi koti. Tulichimba siku ile bila kusemezana, mama na binti, kila mmoja akilipiza hasira zake kwenye udongo. Mnyapara, mzee aliyekuwa akitusimamia kwa filimbi, alitusifu kwa bidii yetu. Mtu asikudanganye kwamba taabu hupatanisha watu. Sisi ilitufanya tuumane.

Siku ya tatu au ya nne, tukiwa tumekaa kunywa maji, nilimweleza. Nilimwonyesha mkono, nikamwonyesha jinsi vipande vilivyopangwa kuanzia kifundo hadi kiwiko. Nilimwambia maneno ya bwana kuhusu uchafu. Alinisikiliza huku akichimbua mwiba kwenye kisigino. Alipomaliza kuutoa aliuliza, "Ulipouvuta mkono, huyo mwanamke alianguka?"

"Hapana, Maitu."

"Ungeuvuta zaidi," alisema, akasimama kwenda kuchukua kikapu chake.

Gari lilifika kabla ya mvua za masika, na mvua zenyewe zilipoanza tulikuwa tukitengeneza barabara chini ya shamba la kahawa, pale inaposhuka kwenye kijito. Barabara za udongo wetu zikilowa huwa kama sabuni. Mchana mmoja tulisikia mngurumo mwembamba, tofauti na wa lori, kisha tukaliona likiteremka mlima taratibu, la krimu, turubai limefungwa kwa sababu ya manyunyu. Lilikuwa chini mno. Lilifika kwenye matope tuliyoyachimba wenyewe, likayumba mkia kama bata, likazama na kukaa.

Bwana alijaribu mbele, akajaribu nyuma. Magurudumu yalizunguka bure na kuturushia udongo. Akafungua mlango akamwita mnyapara, mnyapara akapiga filimbi.

"Wanawake! Sukumeni!"

Wenzangu waliweka majembe chini. Mimi niliendelea kushika langu. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona viti. Ndiyo, walikuwa wamechagua ile ile. Memsabu alikuwa amevikalia, ameweka pochi magotini, na aliponiona alitazama mbele upesi, kwenye kioo ambacho hakikuonyesha chochote ila mvua.

"Sitalishika," nilimwambia mama.

Mama yangu alikuwa ameinama kwenye mtaro. Nilidhani ananawa. Alikuwa anachota. Aliinuka na mikono miwili imejaa udongo mwekundu hadi juu ya kifundo, akaniambia kwa Kikuyu, kwa sauti ya mtu anayeelekeza kazi ya jikoni, "Mwari, binti yangu, tumeambiwa tusukume. Lete mikono."

Alikwenda akaiweka mikono yote miwili kwenye ubavu wa gari lile, akaiburuta mpaka nyuma. Mwanamke wa pili akaona. Akachota. Wa tatu akachota. Nami nilitupa jembe. Tulilizunguka lile gari na kulisukuma kwa viganja, kwa mabega, kwa matumbo, kwa matiti yetu yaliyolowa. Hakuna aliyecheka. Tulilisukuma kwa heshima zote, tukiimba wimbo wa kazi, na kila tulipoteleza tulishika mahali pengine papya. Mwenye mgongo uliochafuka aliegemea mlango. Mmoja akafuta mikono yake kwenye turubai.

"Mikono!" memsabu alipiga kelele kutoka ndani. "Osha mikono kwanza! Mnyapara! Ambia wao osha mikono!"

"Hakuna maji, memsabu," mnyapara alijibu, mvua ikimtiririka puani.

Gari likatoka. Lilipopanda upande wa pili lilikuwa limejaa viganja kama ukuta wa nyumba iliyokandikwa upya. Hapo ndipo tulipocheka, tukashikana, tukacheka hata mwanamke mmoja akakaa kwenye matope. Mnyapara alitutazama, akaelewa, akatuongezea kazi ya siku ile mpaka lango lilipokaribia kufungwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini siku kadhaa baadaye nilikutana na mpishi kwenye duka la Mhindi pale Ruiru, akinunua mafuta ya taa. Nilimsalimia kwa furaha. Yeye hakufurahi.

"Unajua nani aliliosha?" aliniuliza. "Nililiosha mimi. Udongo uliingia kwenye turubai, nikausugua kwa mswaki, magoti yangu kwenye saruji, mpaka nikashindwa kusimama. Bwana alisimama juu yangu ananionyesha: hapa bado, na hapa bado. Mlimchafulia nani, ninyi?"

Nilimwambia pole. Akasema pole haioshi, akabeba debe lake akaenda. Hasira yake ilikuwa ya haki, na yangu ilikuwa ya haki, na zote mbili zilikutana pale dukani zikaumizana, huku wenye gari wakiwa nyumbani kwao wanakunywa chai.

Mume wangu alirudi kutoka kizuizini karibu na mwisho wa miaka hiyo ya hamsini. Siku moja tu aliletwa hadi Thika na lori, akatembea hadi kijijini. Amekonda, meno ya pembeni hana, na alikuwa na tabia ya kusimama kila mtu anapoingia nyumbani, hata akiwa mtoto wake mwenyewe. Mtoto alimwogopa. Nilimpa muda. Tulipopata kipande cha ardhi cha kujenga alianza kuchonga mawe ya msingi, na mimi nikawa namchanganyia udongo. Ilikuwa katika kazi hiyo nilipomweleza habari za viti vya gari, zote, kuanzia kisanduku.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka.

"Mkono tu?" akasema.

Nilitupa chepe. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kama yeye amerudi na mizani ya kupimia maumivu ya watu, basi akaiweke sokoni. Nilikwenda kulala kwa mama, nikamwachia chungu mekoni, na kwa siku kadhaa nilimpa chakula bila kumtazama.

Ndiye aliyekuja. Alinikuta nachota maji, akachukua mtungi mkononi mwangu, jambo ambalo wanaume wetu hawakulifanya mbele ya watu.

"Sikukucheka kwa dharau," alisema. "Ulipoanza kusema habari ya bwana, na memsabu, na kushikwa mkono, mimi nilikuwa nasubiri jambo lingine. Kule tulisikia yanayowapata wanawake vijijini. Njia nzima kutoka kule nilikuwa najiandaa. Ulipofika mwisho na ni mkono tu, kicheko kilitoka chenyewe. Kilikuwa cha hofu iliyokuwa ikinitoka."

Nilimwelewa. Nilimwambia kwamba hakuna jambo lingine, na ni kweli halikuwapo, ingawa kwa jirani zetu wawili lilikuwapo, naye aliwajua.

"Lakini na hili ni jambo," nikasema.

"Na hili ni jambo," akakubali.

Nilimtazama kama anasema ili tu yaishe. Alikuwa amesimama na mtungi unamvujia miguuni, hausogezi. Nikamwambia aende nao nyumbani kabla maji hayajaisha, maana udongo wa msingi ulikuwa umeanza kukauka, na bado hatukuwa tumepanga hata safu ya kwanza ya mawe.